Jiko la kioo, na maneno ambayo sikumwambia dada

Nilimuona anasonga ugali kwa mkono wa kushoto.

Ilikuwa Jumatano jioni, nimetoka kazini, foleni ya Mwenge imenimaliza, nimeingia jikoni kuchukua maji tu. Dada wa kazi kasimama mbele ya jiko, mwiko uko mkono wa kushoto unahangaika, na wa kulia kaukunja ngumi kauficha kwenye kanga kama mtu aliyeshika hela. Yeye sio wa kushoto. Miezi mitano nakaa nae, namuona anakata mchicha kila siku, mkono wake naujua.

Nikamwambia dada, hebu nione huo mkono. Akasema hamna kitu mama. Nikarudia. Akaufungua taratibu, na kwenye kiganja, kuanzia chini ya kidole cha shahada mpaka karibu na mwanzo wa mkono, kulikuwa na lengelenge refu limeshapasuka, na pembeni yake weupe uliokauka wa dawa ya meno.

"Lini?"

"Juzi mama."

Siku mbili. Siku mbili huyu binti amefua, ameosha vyombo kwa maji ya sabuni, amembeba mdogo mgongoni, ametusongea ugali tukala tukashiba tukasema asante, na mimi niko humo humo ndani.

Nilipomuuliza kwa nini hukuniambia, akajibu kwa sauti ya chini kabisa: nilidhani nimeharibu jiko.

Hilo jibu ndo limenikaa kichwani wiki zote hizi. Mkono umeshapona.

## Siku aliyofika

Ana miaka 23, ametokea kijijini huko Kondoa, kwao wanapikia kuni. Siku aliyofika nilimtembeza nyumba nzima kama tunavyofanya wote, huku friji, huku mashine ya kufulia, luku iko nje hapa, geti linafungwa hivi. Tulipofika jikoni nikamuonyesha jiko. Hili jiko tulilikuta, mwenye nyumba alishalijengea kwenye kaunta, kioo cheusi kimelala sawa na meza, duara nne zimechorwa, batani za kugusa mbele. Nikamwambia hapa unawasha, hapa unaongeza, hapa unazima. Halafu nikasema, na hii nakumbuka neno kwa neno maana nimeirudia kichwani mara nyingi mno: "Ukimaliza tu kupika ufute hapo hapo, uchafu ukikauka hautoki."

Ukimaliza tu. Hapo hapo.

Jumatatu ile alichemsha maharage, povu likamwagika kidogo, akazima, akaipua sufuria, akachukua kitambaa kibichi akafuta. Alifanya nilichomwagiza. Na sio kwamba alikurupuka, kabla ya kufuta aligusa kwanza kwa ncha ya kidole pembeni pale kwenye kona, akaona pa baridi kabisa, akajua jiko limepoa, ndo akapitisha mkono katikati.

Kitambaa kikasema tssss, mvuke ukatoka, kikajikunja, kiganja kikabaki kimelala chenyewe juu ya kioo.

Niliposikia hiyo habari ya kona nilinyamaza. Kwa sababu hata mimi ningegusa kona.

## Zahanati

Tulienda usiku ule ule. Nesi aliuliza swali moja tu la kwanza, uliweka maji? Hakuweka. Aliweka dawa ya meno, kwa sababu ndo tunachoambiana wote, kwetu Tanga wengine wanapaka ute wa yai, wengine asali, wengine mafuta ya kula. Nesi akatuambia kwa upole, akatuambia wote wawili maana aliniona na mimi natikisa kichwa kama najua: ukiungua fungua bomba, weka mkono kwenye maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, kwa saa kabisa, sio dakika mbili. Vua pete mapema kabla kidole hakijavimba. Barafu usiweke. Lengelenge usilipasue, hiyo ngozi ya juu ndo bandeji yako. Funika na kitu kisafi, na kiganja kikiungua hivyo njoo uonekane, usikae nyumbani kusikilizia.

Dakika 20 ni nyingi ukizihesabu umesimama kwenye sinki. Nilijaribu nione, mkono unachoka. Lakini joto linakuwa limeshaingia ndani ya nyama na bila maji linaendelea kupika kule ndani hata ukishatoa mkono jikoni. Hiyo ndo sababu.

## Ile H

Kesho yake nikamsimamisha mbele ya jiko nikajifanya mwalimu. Nikawasha duara moja, nikazima, nikamuonyesha ile herufi nyekundu inayobaki inawaka pembeni. Unaiona hii H? Ikiwa inawaka usiguse.

Akaitazama.

"Kumbe ile sio namba?"

Miezi mitano ameiona kila siku. Alidhani ni namba ya jiko, kama saa inavyoonyesha namba. Na angejuaje? H ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la kitu cha moto, na yeye Kiingereza hajui, na mimi ninaekijua sikumtafsiria kwa sababu kwangu ilishakuwa kama imeandikwa Kiswahili. Imeandikwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Anaeshinda mbele yake kutwa ni yeye.

Kwa wenye jiko la aina hii, ile taa inabaki inawaka mpaka kioo kishuke kwenye nyuzi 50 au 60 hivi, kutegemea na jiko. Kwenye letu, ukichemshia maharage kwa moto mkubwa, inaweza kukaa zaidi ya nusu saa baada ya kuzima. Nusu saa kioo kimetulia, cheusi, safi, hakina moshi, hakina harufu, hakina sauti.

Mkaa unauona. Gesi unaiona na unaisikia. Hata zile kwoili za zamani za umeme zilikuwa zinanuka vumbi zikiwaka.

## Kioo gani hiki

Baada ya hapo nilitaka kulitoa. Baba watoto akasema tusilitoe, sio letu, tulifunike tu na ubao tuweke jiko la gesi juu yake, biashara imeisha. Nilikubali kwa siku moja. Usiku nikafikiria, batani zile za kugusa, mtoto akisukuma ubao kidogo akagusa, duara likawaka chini ya ubao, juu kuna mpira wa gesi. Nikamwambia hapana. Juu ya hili jiko hakiwekwi kitu ambacho sio sufuria, hata likiwa limezimwa. Kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa naweka mkate juu yake, naweka mifuko ya sokoni, kwa sababu limelala kama meza na jikoni kwetu nafasi ni ndogo.

Ikabidi nilisome. Nimesoma wiki nzima usiku watoto wakilala, na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba madukani kwetu tunaita vitu vitatu tofauti jina moja, jiko la kioo. Kuna jiko la gesi lenye kioo juu, lile kioo ni cha kawaida kilichokazwa kwa moto, likipata joto kali sehemu moja au likigongwa linapasuka vipande vidogo vidogo kama kioo cha gari. Kuna la indaksheni, lile linapasha sufuria yenyewe kwa sumaku, kioo kinapata joto la kurudishiwa na sufuria tu, na sufuria zetu za alumini halizitambui kabisa. Halafu kuna hili letu, la waya. Chini ya kioo kuna utepe wa chuma unaowaka mwekundu, na joto lake linapenya kioo kwenda juu.

Na kioo chenyewe kina historia ambayo sikuitegemea. Mwaka 1953 huko Corning, jimbo la New York, mkemia anaitwa Donald Stookey aliweka kipande cha kioo kwenye tanuri, alikuwa anataka nyuzi 600, tanuri ikaharibika ikapanda mpaka 900. Akajua kioo kimeyeyuka kimeharibu tanuri. Alipofungua akakuta kipande kizima, kimebadilika kimekuwa cheupe kama maziwa, akakichomoa kwa koleo kikamponyoka kikaanguka sakafuni. Hakikuvunjika. Ndani yake kioo kilikuwa kimegeuka fuwele ndogo ndogo mno. Kutoka hapo zikaja bakuli za kuokea, na mwaka 1971 kampuni ya Schott ya Ujerumani ikatoa kioo cha jikoni kinachoitwa Ceran, ambacho ndo baba wa haya majiko yetu.

Ujanja wake ni huu: kitu kikipata moto kinatanuka, ndo maana glasi ukiimwagia chai ya moto ghafla inapasuka, ndani imetanuka nje bado. Kwenye hiki kioo zile fuwele zinasinyaa kidogo zikipata joto wakati kioo kilichozizunguka kinatanuka, vinafutana, mwisho wa siku kinabaki vile vile. Kwa hiyo kinaweza kupita nyuzi 500 halafu ukakimwagia maji na kisipasuke.

Na joto linapita kwenda juu vizuri lakini kwenda pembeni halisambai karibu kabisa.

Nilipofika hapo nikaacha kusoma. Ile kona. Aligusa kona ikawa ya baridi sentimita chache tu kutoka kwenye moto, kwa sababu kioo kimetengenezwa hivyo makusudi, na wanaouza wanalisifia kwa hilo. Kipimo alichotumia ni sahihi kwa kila jiko alilowahi kuliona maishani mwake isipokuwa hili.

## Kitako cha sufuria

Hapa nimekaa sana kwa sababu hela nyingi ilikuwa inapotelea hapa na mimi nalaumu luku.

Lile jiko linawaka jekundu halafu linazima lenyewe, linawaka, linazima. Nilidhani bovu, fundi mmoja nae akasema bovu, akataka kubadilisha duara zima. Kumbe chini ya kioo kuna kifaa kinachopima joto, kioo kikikaribia kuzidiwa kinakata, kikipoa kidogo kinarudisha. Sasa sufuria ikiwa imekaa sawasawa inanyonya joto lote linapanda kwenye chakula. Ikiwa kitako kimebinuka, katikati kuna hewa, joto halipandi, linarudi kwenye kioo, kifaa kinakata, na maharage yanakaa masaa matatu yanakutazama.

Sufuria zetu nyingi za bati jepesi zimebinuka, hizi tunazonunua kwa seti zinaingiliana. Chukua sufuria igeuze, weka rula ya mtoto wa shule kwenye kitako, itazame kwa macho yaliyolingana nayo. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, hiyo haifai hapa. Mimi katika sufuria tisa zilifaulu mbili. Mbili! Nikanunua moja nzito ya stili yenye kitako kinene, na ile nzito ya alumini aliyonipa mama nikaikuta iko sawa kabisa, japo alumini inaacha michirizi ya kijivu kwenye kioo kama penseli, hiyo ukitia bekin soda na maji kidogo ukasugua kwa sponji laini inatoka.

Sufuria iwe saizi ya duara. Ndogo kwenye duara kubwa ni kupasha hewa, na mkono wa sufuria unaungua.

Chungu nimekitoa. Nakipenda, samaki wa nazi wa kwenye chungu hana mpinzani, lakini kitako chake ni msasa mtupu, kinachora kioo. Chuma cha chapati nacho kile cha kusubu, kizito na kina mabonde chini, kimeenda kwenye gesi. Na ugali umeenda kwenye gesi. Nimejaribu, nimejaribu kweli, ukisonga ugali wa watu sita unaegemea mwiko na mwili mzima, sufuria inateleza inazunguka juu ya kioo, mchanga mdogo tu ukiwa chini yake unachora mstari wa maisha. Tuna mtungi mdogo pembeni na plate moja, ugali na chapati pale, vingine vyote kwenye kioo. Kuna mtu aliniambia basi huna haja ya lile jiko. Mimi sioni hivyo. Kila jiko lina chakula chake, hata mama zetu walikuwa na mkaa wa maandazi na kuni za pilau la shughuli.

Wali ndo umependana nalo. Maji yakikaribia kukauka unazima kabisa, unafunika, unaondoka. Joto lililobaki kwenye kioo linamalizia taratibu dakika 15, haliunguzi, ukoko unakuwa mwembamba wa dhahabu. Umeme uliokwisha kuulipia unapika bure.

## Shira

Hili kosa ni langu peke yangu, dada hakuwepo hata jikoni.

Mwezi wa Ramadhani mama alikuja kutoka Tanga, tukapika kaimati. Nikaweka shira ichemke, sukari na maji na hiliki, simu ikaita, nikageuka. Shira haikuulizi, inapanda ghafla. Ikamwagika ikaenea chini ya sufuria ikaanza kuwa kahawia. Nikazima, nikafanya kile ambacho kila mtu mwenye akili angefanya, nikasubiri ipoe ili nifute salama.

Kwa uchafu mwingine wote, subiri ipoe. Kwa sukari, usisubiri.

Sukari iliyoyeyuka inashikana na kioo, ikipoa inasinyaa, kioo hakisinyai, basi inapobanduka inaondoka na kipande cha kioo. Niliikwangua asubuhi, ikatoka kwa mlio mdogo kama ukucha, na chini yake ikaacha kishimo saizi ya punje ya mchele. Kipo mpaka leo. Kila nikipangusa kidole kinakigusa.

Inavyotakiwa ni hivi: punguza au zima moto, ondoa sufuria, vaa glovu nene ya jikoni, chukua kikwangulio chenye wembe, kile chenye mpini mrefu, kilaze kidogo usikisimamishe, ivute sukari ikiwa bado laini uipeleke nje ya duara sehemu ya baridi. Ni ile kona iliyomdanganya dada, hapa inakuwa msaada. Mabaki ndo unasubiri. Sukari, jamu, shira, kashata, na plastiki iliyoyeyuka, na foili, zote ni kundi hilo. Ukiona huna ujasiri wa kukwangua moto, afadhali uache, kioo kinanunulika. Mimi sasa kashata na shira nazipikia kwenye gesi na siombi ruhusa kwa mtu.

Na la mwisho kuhusu kioo: kinavumilia moto, hakivumilii kugongwa na kitu chenye ncha. Juu ya jiko letu kulikuwa na kabati la makopo ya chumvi na asali. Nimehamisha. Ikitokea kikapata ufa, hata mwembamba kama unywele, zima kwenye swichi kubwa ya ukutani usilitumie tena, maana chini ya ule ufa kuna umeme na supu ikimwagika inapita. Hata waya wake sio wa kuchezea: duara nne zote zikiwaka zinafika wati 6,000 na kitu, wakati soketi ya kawaida ya ampea 13 mwisho wake ni kama 3,000. Jirani chini alichomeka lake ukutani, soketi ikayeyuka. Letu fundi wa pili alilikagua akakuta lina laini yake, waya wa milimita 6 na swichi ya ampea 32, nikalala.

## Luku ilipoisha

Nilidhani nimemaliza. Nilishamfundisha dada H, nilishaandika karatasi nikabandika kwenye friji, "H = MOTO, USIGUSE", nilijiona mama mwenye nyumba bora.

Halafu Jumamosi moja niko napika, uniti zikaisha. Tii, giza. Nikaenda kununua kwenye simu, mtandao unazunguka, dakika tano, kumi. Dada kasimama jikoni ananisubiri na tochi ya simu, akaita.

"Mama."

"Nini?"

"Ile H imezima."

Nikasema ndio, umeme hakuna.

"Sasa jiko limepoa?"

Nilisimama na simu mkononi. Nikaenda, nikaweka mgongo wa mkono juu yake kwa mbali, urefu wa kiganja hivi. Joto lilinipiga usoni kabla ya mkono. Kioo kilikuwa kinachoma vile vile, na taa imezima, kwa sababu taa inakula umeme ule ule. Na uniti zilipoingia, H haikurudi. Jiko lilianza upya kama halijawahi kuwashwa, jeusi, zuri, linachoma.

Karatasi yangu kwenye friji ilikuwa inasema kinyume chake. Ilikuwa inasema hakuna H, gusa.

Kwenye kitabu cha maelezo imeandikwa, nilikuja kuikuta baadae, mstari mmoja, kwamba umeme ukikatika taa ya joto lililobaki inaweza isionyeshe. Mstari mmoja, kwa jiko linalouzwa kwenye nchi ambazo giza la ghafla ni jambo la wiki.

## Figa

Kabla uniti hazijaingia tulikaa pale gizani tunasubiri lipoe. Nilikuwa nimekasirika, sijui kwa nani. Dada akasema polepole, kama anajisemea:

"Basi hili ni figa."

Nikamuuliza una maana gani.

"Kwetu kuni ukishazitoa ukazizima, moto hamna, majivu hamna, lakini lile jiwe huligusi mpaka asubuhi. Watoto wote wanajua. Mimi nilidhani hiki ni kioo. Kumbe ni figa."

Jamani.

Anajua moto kuliko mimi. Amekua na mafiga matatu, anajua jiwe linaweka joto, anajua kaa linalala chini ya majivu linasubiri mguu wa mtoto. Mimi ndo nimekulia kwenye stovu ya mafuta ya taa na swichi. Elimu alikuwa nayo yote, kaja nayo kutoka Kondoa, kilichokosekana ni sentensi moja ya kumuunganishia, na mimi nilimpa herufi ya Kiingereza na amri ya kufuta.

Nikamuuliza kwenu watoto mlikuwa mnawazuiaje. Akasema mama yake alikuwa anaegemeza ungo mbele ya mafiga, ungo ukiwepo hapapitwi, ukiondolewa pamepoa. Na anaeuondoa ni yule yule aliyepika, hakuna mwingine.

## Kikombe chekundu

Tuna kikombe cha bati chekundu, kimebanduka rangi kidogo kwenye mdomo. Sasa kinakaa kwenye dirisha la jikoni. Anaewasha jiko anakishusha anakiweka kwenye kaunta mbele ya jiko, sio juu ya kioo. Kinakaa hapo wakati wa kupika, kinakaa baada ya kuzima, kinakaa umeme ukiwepo na usipokuwepo. Anaekirudisha dirishani ni aliyepika, akishapitisha mgongo wa mkono juu ya duara lenyewe, katikati sio kwenye kona, akaona hamna kitu. Ndo kitambaa kinaguswa. Madoa meupe ya maji tunafuta na siki kidogo, stilwaya hairuhusiwi jikoni kwangu tena.

Mwanangu wa miaka minne ameuelewa huu mpango wa kikombe kwa siku moja. H hajui. Kikombe anakijua.

Karatasi ya kwenye friji nimeitoa. Nilimuomba dada msamaha pia, nilikaa nae mezani nikamwambia ule mkono ni maneno yangu yaliuunguza, nilikuambia ufute hapo hapo. Aliangalia chini, akasema yameisha mama. Sijui kama yameisha. Kiganjani pamebaki alama nyepesi, inang'aa kidogo akigeuza mkono kwenye mwanga, na bado mara nyingine namuona anaanza kusonga kwa kushoto halafu anahamisha. Nimemwambia pia kwamba kwenye nyumba hii kitu kikivunjika, kikipasuka, kikiungua, cha kwanza anachoniambia ni mwili wake, kitu baadae. Ameitikia. Naangalia kama ataamini.

Jana magharibi umeme ulikatika mtaa mzima. Nilikuwa sebuleni nawavalisha watoto, giza likatukuta, wakapiga kelele kama kawaida yao. Nikataka kuinuka niende jikoni.

Nikasikia kikombe kinawekwa kwenye kaunta.